Barua Pepe Tupu: Ni Hodi ya Nani Hii?

Mama yangu mdogo ana nyumba ya wageni Pangani, vyumba sita tu, na karibu nusu ya wageni wake humfikia kwa barua pepe. Kwa hiyo kila alfajiri akishamaliza kuswali, kazi yake ya kwanza ni kushika simu na kupitia kikasha chake. Mwaka jana alianza kukuta humo kitu kilichomkosesha raha: barua isiyo na kitu. Jina la mtumaji geni, mahali pa mada hapana neno, na akifungua ndani anakuta weupe. Ya kwanza aliipuuza. Ya pili ikaja kesho yake, saa tisa usiku. Ya tatu akaijibu kwa adabu ile ile anayopokelea simu za namba asizozijua: "Nani mwenzangu? Karibu."

Kimya. Mchana akanipigia, na baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza: "Hivi mwanangu, mtu anapata faida gani kunitumia karatasi tupu?"

Swali hilo lina uzito. Barua taka ya kawaida hujieleza yenyewe. Anayeuza dawa za nguvu anataka ununue, anayejifanya benki anataka nenosiri lako, anayejiita mjane wa jenerali anataka umtumie ada ya kufungulia mamilioni ya marehemu. Barua tupu haiombi chochote, na ndiyo maana inatia wasiwasi zaidi. Nilimjibu kwamba barua ile mara nyingi ni hodi. Mtu anabisha ili ajue kama nyumba ina mwenyewe.

Na kubisha huko kunafanyika mbali na simu yake, kwa lugha ya mashine. Ujumbe wa WhatsApp huanzia na kuishia ndani ya kampuni moja, lakini barua pepe hutoka kwa seva (kompyuta inayopokea na kupeleka barua) ya mtu mmoja ikaenda kugonga mlango wa seva ya mtu mwingine wasiyejuana. Utaratibu wa kugonga huo unaitwa SMTP. Jonathan Postel aliuandika Agosti 1982, enzi ambazo mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara, watu wakifahamiana kwa majina. Umeandikwa upya tangu hapo, mara ya mwisho kubwa ikiwa 2008, ila mazungumzo ya mlangoni yamebaki karibu yale yale. Kompyuta inayotuma huanza kwa salamu, tena salamu hasa: neno lenyewe katika kanuni ni HELO, na siku hizi EHLO. Ikishaitikiwa inataja barua inatoka kwa nani. Kisha inataja inamtafuta nani. Hapo seva inayopokea huangalia orodha ya wenyeji wake. Kama anwani ipo, inajibu kwa namba 250, yaani sawa, lete. Kama haipo, inajibu 550, hapa hakuna mtu wa jina hilo.

Barua yenyewe bado haijatolewa. Mlinzi amekwisha kumwambia mgeni nani anaishi humu na nani haishi, na mgeni hajatoa bahasha mfukoni. Zamani palikuwa hata na amri ya kuuliza waziwazi, VRFY, ambayo kazi yake ilikuwa kuthibitisha jina tu. Wasimamizi wengi wameizima baada ya kuona inavyotumiwa, lakini lile swali la kawaida la "namtafuta fulani" haliwezi kuzimwa, kwa sababu bila hilo barua halali nazo hazifiki.

Mwizi wa anwani anachofanya ni kuchukua jina la kikoa, yaani yale maneno yanayofuata alama ya @ kwenye anwani, tuseme la hoteli au la shule, halafu kuiachia programu ibishe hodi kwa majina ya kubahatisha: info, booking, mhasibu, juma, asha, amina85, maelfu kwa maelfu. Kila 550 inafutwa. Kila 250 inatunzwa. Huu unaitwa uvunaji wa anwani. Kampuni kubwa kama Google zimeuwekea breki, maana kompyuta ikiuliza majina mengi mfululizo inafungiwa mlango. Seva ndogo ya ofisi, ile iliyosimikwa miaka kadhaa iliyopita na kijana ambaye keshahamia kazi nyingine, mara nyingi haina breki hiyo.

Msomaji makini atauliza: kama jibu limekwisha kupatikana mlangoni, kwa nini mvunaji aendelee hadi barua tupu ifike kwenye kikasha? Sababu ni kwamba seva hazijibu kwa namna moja. Ziko zinazosema 250 kwa kila jina, hata la kubuni, zinapokea kila kitu kisha baadaye ndipo zinamrudishia mtumaji taarifa kwamba mlengwa hayupo. Mbele ya seva ya aina hiyo, kuuliza mlangoni hakutoshi. Inabidi uache mzigo, uondoke, usubiri. Ukirudishiwa, anwani imekufa. Usiporudishiwa, huenda iko hai. Na kama lazima kuacha mzigo, basi mzigo mwepesi kuliko yote ni bahasha tupu.

Bahasha tupu haivunji kanuni yoyote. Kanuni za muundo wa barua pepe zinadai vitu viwili tu: tarehe, na jina la inakotoka. Mada si lazima. Mwili wa barua si lazima. Kwa seva, barua isiyo na neno ni barua kamili.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tungeutambua mchezo huu mara moja ungefanyika kwenye simu, maana kubipu tumekukulia. Simu inaita mara moja inakatika, na ujumbe umeshafika bila kulipiwa hata senti. Matapeli nao wamebipu kwa miaka mingi. Ule mtindo wa namba ya nchi ya mbali kuita mara moja na kukata, ili upige wewe na salio lako liliwe, unajulikana duniani kwa jina la Kijapani, wangiri, mlio mmoja na kukata. Tofauti ni kwamba wangiri anataka umpigie, wakati mwenye barua tupu anaweza kuridhika bila wewe kufanya lolote. Kwa yeye, kutorudi kwa barua kumeshampa nusu ya jibu.

Jibu hilo lina thamani kwa sababu mbili. Anwani hai huuzwa, na orodha iliyochujwa ina bei kuliko orodha yenye maiti wengi. Ya pili ni kujilinda. Mashirika yanayofuatilia watuma taka, maarufu kati yao likiwa Spamhaus lililoanzishwa 1998, yameweka mitego: anwani ambazo hazijawahi kuwa na mtu, au zilizokufa zamani, zinazongoja tu kuona nani atazitumia barua. Anayezigonga anajulikana kuwa hana orodha halali, na seva yake inaingizwa kwenye orodha nyeusi ambayo maelfu ya watoa huduma huisoma. Kwa hiyo mtuma taka naye ana hofu yake. Hataki kumwaga bidhaa yake yote kwenye orodha asiyoijua. Anaanza kwa kutia kidole majini.

Ingekuwa kila barua tupu ina hila nyuma yake mambo yangekuwa rahisi, lakini nyingi ni ajali tupu. Na ajali hizo ni za zamani kama barua taka yenyewe. Tarehe 3 Mei 1978, mfanyabiashara wa Marekani Gary Thuerk, aliyekuwa akiuza kompyuta za kampuni ya Digital Equipment, alituma tangazo kwa takribani watu 400 kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti ya leo. Ndiyo barua inayohesabiwa kuwa taka ya kwanza. Programu waliyoitumia haikuwa na nafasi ya anwani zote hizo, basi zilizozidi zikamwagikia kwenye mwili wa barua. Wapokeaji wakafungua na kukuta rundo la anwani za watu likitangulia tangazo lenyewe. Barua taka ya kwanza duniani ilifika imeharibika.

Tangu hapo kiwango kimekua, mbinu zimekua, na uharibifu nao umekua. Taka nyingi hutumwa na majeshi ya kompyuta zilizoambukizwa, za watu wa kawaida wasiojua lolote, ambazo huchota kutoka kwa kamanda mmoja vitu viwili: orodha ya anwani na kielelezo cha barua chenye mapengo ya kujazwa. Kamanda akikatika, au kielelezo kikifika nusu, mashine haina akili ya kusita. Inatuma ilicho nacho. Ndiyo maana wakati mwingine utapata barua iliyoanza na mabano yaliyopaswa kubeba jina lako, na wakati mwingine hupati hata mabano. Ukubwa wa majeshi haya ulionekana Novemba 2008, kampuni moja ya kuhifadhi seva huko California, McColo, ilipokatwa kwenye mtandao kwa sababu makamanda kadhaa walikuwa wamejificha kwake. Taka za dunia nzima zilipungua zaidi ya nusu kwa siku moja.

Kuna na ajali ya njiani, ambayo watu hawaifikirii. Barua ilitoka na kirusi kwenye kiambatisho, seva ya katikati ikakinyofoa, kilichobaki ni bahasha. Hapo weupe unaouona ni alama kwamba mlinzi wako amefanya kazi.

Sasa nije kwenye barua zinazofanana na tupu lakini si tupu, maana hapa ndipo umakini unapohitajika. Barua pepe ya leo ni ukurasa mdogo wa wavuti. Mtu anaweza kuandika maneno meupe juu ya karatasi nyeupe, au herufi ndogo kiasi kwamba jicho haliioni, ili vichujio, yaani programu za kuchuja barua taka, visome kimoja na wewe uone kingine. Anaweza kuweka tangazo zima ndani ya picha, na kama simu yako imezuia picha, unaona uwanda. Na anaweza kuweka picha ya nukta moja tu, isiyo na rangi. Nukta hiyo haimo ndani ya barua. Imewekwa kwenye seva yake, kwa jina la pekee lililotengenezwa kwa ajili yako wewe peke yako. Ukifungua barua, simu inaenda kuichota, na seva inaandika: wa anwani hii amefungua, saa hii, kwa kifaa cha aina hii, kutoka mtandao huu. Ile nusu ya jibu aliyoipata mlangoni sasa imetimia. Anajua kuwa anwani ipo, na kwamba nyuma yake kuna macho.

Kampuni kubwa zimejaribu kuziba. Tangu Desemba 2013 Gmail huchota picha kupitia seva za Google, hivyo mtumaji haoni mtandao wako wala mahali ulipo, ingawa kwa picha yenye jina la pekee bado anaweza kujua kwamba barua imefunguliwa. Apple ilikwenda mbele zaidi 2021: programu yake ya barua inaweza kuchota picha zote yenyewe kwa siri, usome usisome, kiasi kwamba mtumaji hawezi kutofautisha. Kinga iliyo wazi zaidi bado ni ile ya kuingia kwenye mipangilio na kuiambia programu ikuulize kwanza kabla ya kuonyesha picha zinazotoka nje. Inachukua dakika moja, na mimi huiweka kwenye kila simu ya ndugu ninayoishika.

Na je, kuifungua tu kunaweza kukuambukiza? Mama mdogo aliniuliza hili kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza matokeo ya kipimo. Hofu hii haikutoka hewani. Novemba 1999 ilionekana minyoo ya kompyuta iliyopewa jina BubbleBoy, ambayo haikuwa na kiambatisho. Kufungua barua kwenye Outlook, programu ya barua ya Microsoft, na hata kuichungulia tu kwenye Outlook Express, kulitosha. Iliwezekana kwa sababu programu za wakati ule zilikubali kuendesha amri zilizofichwa ndani ya barua. Za leo hazikubali, iwe kwenye simu au kwenye kivinjari. Lakini mlango haujafungwa milele: Machi 2023 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika Outlook ya Windows, ambapo barua iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuvujisha taarifa za siri za kuingilia hata kabla haijafunguliwa. Kwa hiyo nilimwambia ukweli ulivyo. Kwa mtu wa kawaida mwenye simu iliyosasishwa, kufungua barua tupu na kuifunga si janga. Hatari iko kwenye kubofya, kupakua na kujibu. Na sasisho la programu lisiahirishwe kwa ajili ya kubana bando.

Neno juu ya vichujio, kwa kuwa watu huvilaumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vichujio vilianza kujifunza kutokana na maneno: neno hili huonekana zaidi kwenye taka, lile zaidi kwenye barua za kweli, hesabu ya uwezekano inafanyika, hukumu inatolewa. Mbele ya barua isiyo na neno, mizani hiyo haina cha kupima. Kinachobaki ni kumchunguza mbebaji: seva ina sifa gani, na je kikoa kinachotajwa kimeidhinisha seva hiyo? Uthibitisho huo unafanywa kwa taratibu tatu zenye majina ya vifupisho, SPF, DKIM na DMARC, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawadai zote tatu wale wanaotuma barua kwa wingi kwa wateja wao, ambao kwa Google ni wanaozidi barua 5,000 kwa siku. Mvunaji amejifunza kuzunguka hilo kwa kutumia akaunti mpya halali au akaunti alizoziiba kwa watu wa kweli. Ndiyo maana jina la mtumaji wa barua tupu linaweza kuwa la mwalimu wa chuo au la mhandisi, mtu wa kweli ambaye naye hajui kinachotendeka kwa jina lake.

Turudi Pangani. Kosa katika jibu la mama mdogo halikuwa yale maneno mawili ya adabu. Nilimwomba anisomee barua yake yote aliyotuma, hadi chini. Chini ya "Nani mwenzangu? Karibu" palikuwa na saini ambayo simu huiweka yenyewe: jina lake kamili, jina la nyumba ya wageni, namba mbili za simu, na namba ya kulipia. Mgeni alibisha hodi akiwa hajui hata kama mlango una nyumba nyuma yake. Aliondoka na jina la mwenye nyumba, biashara yake na mahali anapopokelea fedha.

Wiki mbili baadaye akaja "mgeni" aliyemwita kwa jina lake, akitaka vyumba vyote sita kwa siku kumi. Angelipa kwa kadi, zaidi ya bei, na ile ziada mama mdogo amrushie mtu wa usafiri. Huu ni utapeli mkongwe wa mahoteli: kadi ni ya wizi, malipo yanakuja kubatilishwa, na ile ziada uliyoirusha imetoka mfukoni mwako. Alisita, akanipigia, hakupoteza shilingi. Siwezi kuapa kwamba wawili hao ni mtu mmoja, lakini kila alichokijua huyo wa pili kilikuwa kwenye saini ile. Tangu siku hiyo naichukulia saini kwa uzito kuliko kitu kingine chochote katika habari hii. Jibu la kiotomatiki nalo ni hivyo hivyo. Ule ujumbe wa "niko likizo hadi tarehe fulani, kwa dharura piga namba hii" unajibu kila hodi, ya mwema na ya mwizi, tena usiku wa manane. Uruhusu kwa watu waliomo kwenye orodha ya mawasiliano yako tu, kama programu inakubali, na usiuwekee siri za ofisi.

Kwa hiyo usijibu, hata kwa kukemea. Mila zetu zinasema hodi mara tatu, usipoitikiwa unarudi zako, na huku mtandaoni itikio ndilo jambo pekee unaloweza kumnyima. Usiifute hivi hivi, bali iripoti kuwa barua taka. Kufuta kunaondoa uchafu mbele yako tu, kuripoti kunamfundisha mtoa huduma kuhusu seva ile na kuwasaidia wengine. Kumzuia mtumaji mmoja mmoja kuna faida ndogo, kwani kesho anakuja na jina jingine.

Ila kabla ya kuripoti, tazama kwanza. Barua nyingi tupu zinatoka kwa watu wetu. Vijana wanaoomba kazi hutuma wasifu wao bila kuandika hata salamu, na barua yenye kiambatisho peke yake inafanana mno na ya tapeli. Wengi wameishia kwenye taka na hawatajua. Andika mistari miwili, mdogo wangu, taja nafasi unayoomba na jina lako. Kuna pia programu za ofisi zinazofunga barua yote ndani ya faili liitwalo winmail.dat, ukilipokea kwenye simu huoni kitu, na mtumaji wako ni mtu mwaminifu kabisa. Ukimjua mtu lakini huelewi barua yake, mpigie. Usimjibu kwenye barua ile ile, kwa kuwa akaunti ikiwa imeibwa, utakayeongea naye ni mwizi.

Wengine hushtuka kuona barua tupu imetoka kwa anwani yao wenyewe. Mara nyingi ni jina limeandikwa juu ya bahasha tu, kama mtu yeyote anavyoweza kuandika jina lako nyuma ya bahasha ya posta. Lakini hakikisha. Angalia folda ya zilizotumwa, angalia orodha ya vifaa vilivyoingia, na angalia kwenye mipangilio kama kuna sheria ya kusambaza barua zako kwenda kwa anwani usiyoijua, maana wezi hupenda kuiacha hiyo hata baada ya kufukuzwa. Ukikuta dalili, badili nenosiri na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Hali moja ndiyo ya kukurupukia. Zikianza kumiminika mamia kwa saa moja, tupu na zisizo tupu, pamoja na karibu-umejiunga za tovuti usizozijua, acha kuzifuta. Nenda moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki na ya pesa za simu. Mafuriko hayo hutumiwa kama moshi, na ndani ya moshi kuna barua moja ya kweli kutoka benki inayokuarifu kwamba fedha zimehamishwa au nenosiri limebadilishwa. Mwizi anataka usiione.

Wenye vikoa vyao wenyewe, vya kampuni, shule au msikiti, wana jambo lao. Wasimamizi wengi huwasha mpangilio wa kupokea kila barua hata iliyoandikwa jina lisilokuwepo, kwa nia njema kwamba mteja akikosea herufi asipotee. Mpangilio huo unajibu 250 kwa kila hodi ya mvunaji, na kila jina la kubuni linakuwa barua kwenye kikasha cha mtu. Uzime. Waambie wanaokuhifadhia seva waweke kikomo cha hodi kwa kompyuta moja, na wakuwekee zile taratibu tatu za uthibitisho ili jina la kikoa chako lisivaliwe na wengine. Kama unapata taarifa za barua zilizorudi ambazo hukuzituma, ujue jina lako limekwisha kuvaliwa.

Anwani nayo igawanywe. Mama mdogo sasa ana mbili: moja ya wageni, iliyobandikwa kila mahali na yenye saini ya jina la nyumba tu, na nyingine ya benki na familia ambayo haijaandikwa popote. Kwa wenye Gmail kuna njia rahisi ya kujua nani amekuuza: unapojisajili mahali, weka alama ya kujumlisha na neno lolote baada ya jina lako, kabla ya alama ya @. Barua itafika kama kawaida, na taka zikianza kuja kwa jina hilo unajua zilikoanzia.

Juzi alinipigia tena. Imeingia barua tupu, haina mada, ina kiambatisho kimoja. Nikamuuliza kama amekibofya, akasema hapana, lakini jina analikumbuka kwa mbali. Nikamwambia afungue daftari la wageni na apige namba iliyoandikwa humo, asitumie yoyote itakayotoka kwenye barua. Akapiga akiwa bado na mimi kwenye simu ya pili. Ilikuwa familia ya Muscat, bibi yao ni wa Pangani. Walikuwa wametuma tiketi za ndege wakiwa njiani na hawakuandika neno. Nikamsikia akicheka, akiwaambia chumba namba nne kiko tayari.